Marehemu wa Thelathini

Jumatatu, 3 Machi

Ishirini na tisa tayari. Amebaki mmoja!

Leo Mhariri Mkuu (ofisini wote tunamwita Mama, hata waliomzidi umri) ameniita na kufunga mlango. Amesema kitabu chetu cha maisha ya wasanii na waasisi wa biashara waliofariki lazima kiende mtamboni Jumatatu ijayo. Thelathini kamili, asipungue hata mmoja. Nikiwatimiza, jina langu litakaa kwenye jalada. Jalada! Miaka kumi na moja nimeandika vitabu vya nyumba hii ya uchapishaji na jina langu halijatoka popote, hata kwenye shukrani. Mama mkwe bado anawaambia watu kwamba naandika matangazo ya misiba. Niliinuka kitini miguu haigusi sakafu.

Sikufika mlangoni akaniongezea la pili, na raha yote ikaingia nyongo. Nisipomaliza, nafasi ya thelathini ataijaza Miwani. Na jalada litakuwa lake.

Miwani ni msahihishaji wetu. Kalamu nyekundu sikioni, meza yake inatazamana na yangu, hata nikipiga chafya anatafuta kosa. Tangu Januari ananing'ang'ania nimwingize babu yake, mwasisi wa kiwanda cha biskuti, aliyeanza na tanuri moja na sinia mbili. Nilimjibu kwa barua rasmi kwamba babu yake hajafikia kiwango. Barua ile niliirudia mara tatu ili ikolee. Sijuti.

Wangu ni mkubwa zaidi: yule mchoraji wa ukuta wa stesheni ya treni. Abiria mia moja, kila mmoja na uso wake. Alitoweka miaka thelathini iliyopita, na kila mtu anajua kwamba alishakufa. Kinachonikwamisha ni sheria ya Mama: hakuna marehemu anayeingia kitabuni bila picha ya kaburi lake na sahihi ya ndugu yake. Zamani, kabla sijaajiriwa, waliwahi kumwandika mtu kuwa amekufa, akaja mwenyewe mapokezi na fimbo mkononi.

Jumanne, 4 Machi

Makaburini tangu asubuhi. Jua la utosi! Mlinzi amesema daftari lake lililowa mvua, nizunguke mwenyewe. Nimezunguka. Nimesoma majina ya wafu mpaka nikaanza kuwasalimu. Mchoraji hayumo. Saa nane miguu ikagoma.

Ndipo nikaliona. Kaburi zuri la jiwe, lina ufa katikati, maandishi yote yamefutika, mbele yake kopo la bati lenye maua. Nikajiuliza: kama jina halisomeki, nani atasema si lake? Nikapiga picha tatu. Ya pili imetoka vizuri mno.

Sahihi ya ndugu kwenye fomu nimeiweka mwenyewe kwa mkono wa kushoto: "mpwa wa marehemu". Mke wangu akaniuliza kama marehemu alikuwa na dada. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimemwongezea dada.

Kisha nikaketi kuandika, na maneno yakaja yenyewe. Nimemfisha vizuri sana, masikini ya Mungu. Chumba kitupu, kitanda cha kamba, waombolezaji arobaini. Nikampa na maneno ya mwisho: "Nifungulieni dirisha, nione rangi." Machozi yalinitoka, ikabidi ukurasa niuchape upya.

Jumatano, 5 Machi

Mama amelia! Mhariri Mkuu mzima, mbele yangu, kwa leso. Amesema hajawahi kusoma kifo kama hiki. Amesema jina langu atalipanga kwa herufi nene. Miwani alikuwa anapita na karatasi zake, akasimama, akanitazama kwa jicho la pembe. Nikajifanya hamnazo.

Saa tano nikashuka kwa fundi fremu aliye chini ya jengo letu, kuazima picha ndogo ya mchoraji iliyoning'inia dukani kwake miaka yote. Nikamweleza kwa huzuni inayofaa kwamba tunamtia marehemu kitabuni. Fundi akaacha kupiga msumari. Marehemu gani, akauliza. Mzee Brashi? Mbona Jumamosi alikuwa hapa kuchukua fremu mbili, tena akalalamika kwamba zimepinda.

Nikatafuta kiti bila kutazama. Nikakaa juu ya kioo cha mteja. Kioo kikavunjika.

Nimekwenda alikonielekeza. Chumba cha nyuma ya duka la kushona makochi, mitaa miwili tu kutoka ofisini. Mzee wa miaka themanini na moja, juu ya ngazi, anapaka dari rangi huku anapiga mluzi. Yu hai! Mzima wa afya! Nikasema shikamoo, akajibu marahaba mwanangu, nishikie ngazi. Nikaishika. Sikuweza kusema nilichofuata. Nimerudi nyumbani sina hamu hata ya kuvua viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kwake. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilianza kwa kumuuliza kuhusu kifua chake. Akasema kifua hakina neno. Presha? Daktari anaitolea mfano kwa vijana. Nikamuuliza kama huanguka anguka. Akaniuliza mimi ni nani hasa.

Basi nikatapika yote. Nikatoa karatasi nikamsomea maisha yake mpaka kifo, macho chini, nikingoja ngazi inishukie kichwani.

Nilipoinua macho, mzee analia. Akaomba nirudie sehemu ya mazishi. Nikarudia. Akasema hajawahi kuandikwa hata mstari mmoja tangu amalize ukuta wa stesheni. Akasema miaka tisa hakuna aliyegonga mlango huu ila msoma mita. Hapo nilitaka kumkumbatia, nikaona haya.

Kisha akapangusa pua akaanza kusahihisha. Waombolezaji arobaini ni wachache. Niandike mia nne. Na yeye hakuwa mfupi, nani kaniambia alikuwa mfupi? Akasema tumwache amekufa hivyo hivyo. Atakapokufa kweli hataweza kusoma, heri afaidi sasa angali na macho. Fomu mpya akaitia sahihi mwenyewe: "ndugu wa marehemu".

Nilirudi nikiimba barabarani. Mpango umekamilika! Jalada ni langu!

Ijumaa, 7 Machi

Ole wangu.

Saa nne kurasa zilikuwa mezani kwa Miwani. Akasoma maisha ya mchoraji hadi mwisho, hakuweka hata nukta nyekundu. Akafika kwenye picha. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akasema taratibu: kaka, hili ni kaburi la babu yangu.

Nikasema makaburi yanafanana. Akasema ufa huu aliusababisha shangazi yake, alipoliangusha jiwe kutoka kwenye toroli. Nikasema nyufa nazo zinafanana. Akaweka kidole kwenye kopo. Ni kopo la biskuti la kiwanda cha babu, toleo la kwanza, na maua aliyaweka yeye mwenyewe Jumapili. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza! Alikwenda kusimama dirishani na kunipa mgongo, na ofisi nzima ikaacha kuchapa.

Mama akaniita. Nikamwambia picha zilichanganyika kwenye kamera. Hii nayo ni aibu, mtu wa umri wangu. Akanitazama, akasema haya, Jumatatu saa mbili anataka kaburi lenyewe, lenye jina. La sivyo, babu wa biskuti ndiye wa thelathini.

Mtu mwenye akili angekiri hapo hapo. Mimi nilikimbilia kwa Mzee Brashi.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee amefurahi kupita kiasi. Amesema amechora watu, farasi, treni, lakini jiwe hajapata nafasi ya kulitendea haki. Tukachukua kipande cha plaiwudi nyuma ya duka la makochi. Toka asubuhi mpaka alasiri anachora, mimi nachanganya rangi ya kijivu na kutukanwa. Kijivu changu ni cha ndoo, anasema, yeye anataka kijivu cha jiwe.

Lakini jamani! Alipomaliza nilinyoosha mkono kugusa ukungu juu ya jiwe na vidole vikarudi na rangi. Jina lake limechongeka, kumbe ni brashi tu. Akaweka hadi kinyesi cha ndege. Tumelisimamisha makaburini, kona ya ukuta, mlinzi akapita hatua tatu kutoka hapo na kuinua kofia.

Picha imetoka safi. Nilitaka tuing'oe bodi tuondoke nayo. Mzee akakataa katakata. Kivuli cha upande wa kushoto hakijamridhisha, atarudi kukirekebisha mwanga wa asubuhi ukiwa sawa. Nikamwambia sawa, mzee wangu, arekebishe Jumapili, asizidishe. Akasema sanaa haipangiwi siku.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwisha. Naandika haya chooni ofisini, mlango nimeufunga kwa komeo.

Saa mbili kamili nikampa Mama picha. Akaipenda. Akasema jiwe lina heshima. Nikavuta pumzi ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha akavaa koti. Amesema kifo kile hakimtoki moyoni, atapeleka maua mwenyewe kabla kitabu hakijakwenda mtamboni. Na Miwani aje, ili yaishe kati yetu. Nikasema kuna matope. Akasema ana viatu.

Tulimkuta Mzee Brashi amepiga magoti mbele ya kaburi lake, brashi mkononi, kikebe cha rangi pembeni, anakoleza kivuli.

Nikawahi: huyu ni ndugu wa marehemu, anasafisha jiwe. Mzee naye akajikaza, akainuka, akainamisha kichwa kama mfiwa hasa. Mama akamshika mkono kwa mikono miwili. Akamwambia alivyolia. Akamwambia kuhusu dirisha na rangi. Mzee akaitikia ndiyo, ndiyo, ndivyo alivyokuwa. Tulikuwa tunakaribia kuvuka! Mimi nilishaanza kuwageuza kuelekea lango.

Hapo Mama akashusha pumzi akasema kinachomsikitisha ni kwamba leo hii hakuna mtu hai anayeweza kuchora kama marehemu.

Nikaona shingo ya mzee inavimba. Nikamkanyaga mguu. Akautoa. Yupo, akasema. Nani, akauliza Mama. Mimi, akasema mzee, na hilo unaloliwekea maua si jiwe, ni plaiwudi, gonga usikie.

Mama akagonga. Ikalia kama mlango.

Baada ya hapo mzee hakushikika. Akaeleza yote, tena kwa fahari: ukungu, kinyesi cha ndege, fomu, hadi mpwa wa mkono wa kushoto, habari niliyokuwa nimemsimulia ili acheke. Mama hakunigombeza. Aliizunguka bodi mara mbili, akaigusa, akamwomba Mzee Brashi achore jalada la kitabu, na maisha yake tuyaandike upya, yeye akiwa hai, katika kitabu kingine. Atakayeandika ni Miwani. Na babu wa biskuti ndiye wa thelathini.

Nilimngoja Miwani anicheke, nipate angalau cha kuchukia. Hakucheka. Tukiwa njiani alisema tu kwamba kama ningemuuliza tangu mwanzo, picha ile ya kaburi angenipa mwenyewe, na maisha ya babu yake angefurahi niyaandike mimi, kwa kuwa ninajua kufisha watu vizuri. Hilo limenichoma kuliko yote. Nimelia, na hapa hakuna hata karatasi ya kupangusia.

Jumatano, 12 Machi

Kitabu kimeahirishwa hadi Ijumaa kwa ajili ya babu wa biskuti, nami nimepewa faharasa. Kazi ya mwisho kabisa kitabuni: kupanga majina kwa alfabeti na kurasa zake. Mama amesema huko siwezi kumdhuru mtu.

Mzee Brashi amekuja na mchoro wa jalada. Watu wote wakasimama kumsalimu, mpaka msichana wa mapokezi alimbebea kiti. Alinishika bega, akasema pole mwanangu, ulimi uliteleza. Nikamwambia hakuna neno. Chini ya mchoro ameacha nafasi ya jina la mwandishi, na Miwani ameshalipima lake kwa rula.

Asubuhi mke wangu alinishauri. Nimwombe Miwani radhi. Nikubali kwamba nimekosea. Nianze upya na mtu wa kweli, kwa kazi ya kweli, na jina litakuja siku yake. Kila neno lilikuwa sahihi. Nilipanda ngazi za ofisi nimeshaamua, hata salamu za kuanzia nilikuwa nazo mdomoni.

Kisha nikafungua faharasa. Marehemu thelathini wamejipanga, kila mmoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Nikaona kwamba katikati, baina ya mwasisi wa kiwanda cha magodoro na mpiga zeze, kwa herufi zilivyo, hapo hasa ndipo ningekaa mimi.

Nimejiandika. Majina yote mawili. Ukurasa wa 212. Kitabu kina kurasa 208, lakini hilo ni dogo. Mwaka wa kufa niliuacha wazi kwanza, nikaona pengo linanichongea, wenzangu wote wanao wao. Nimeweka huu tulio nao.

Miwani ataanza kuisahihisha kesho saa tatu. Sina wasiwasi hata kidogo. Faharasa nani anaisoma?