Mwalimu wa Mtandao Amzika Mzee Gidamis

Intaneti ilipofika Nambis haikuwa na adabu hata kidogo. Aliyeifunza adabu ni Mwalimu Herman Margwe. Chanzo cha habari hii ni Mwalimu Herman Margwe.

Alikwenda semina Babati siku mbili, ukitoa muda wa chai siku moja na nusu, akarudi na cheti, fulana na kofia. Tangu hapo hakusalimia watu tena, aliwahutubia. Hata mkewe Kornelia akiomba apitishiwe chumvi, alielezwa kwanza umuhimu wa neno la siri.

Sasa wilaya ilikuwa inatafuta mkufunzi mmoja wa kuzunguka shule zote na kufundisha watoto wadogo matumizi mema ya mtandao. Mkufunzi angepewa pikipiki! Herman aliitaka pikipiki ile kama ng'ombe wa Septemba anavyotaka majani. Bi Shamsia, afisa kutoka wilayani, angekuja Alhamisi kumwona akifundisha.

Jumatano akawanoa Darasa la Pili. Kompyuta hakuna, kwa hiyo alichora simu ubaoni, kubwa kama mlango wa kanisa.

"Habari ikiingia kwenye simu, tunafanya nini?"

"Tunahakikisha kwanzaaa!"

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kutumaaa!"

Alhamisi asubuhi, watoto wamekaa, afisa bado yuko njiani, Herman akachungulia simu yake. Eva, mjukuu wa Mzee Gidamis anayesomea uuguzi, alikuwa ameweka picha: mzee amelala kitandani hospitali ya Haydom, macho kafumba, pembeni mshumaa unawaka. Chini kaandika: "Babu yangu, miaka themanini. Asante kwa yote."

Wewe msomaji wa mjini umeshajua kwamba hiyo ni sherehe ya kuzaliwa. Hongera. Huku kwetu mzee wa miaka themanini hawashiwi mshumaa akiwa hai, labda taa iwe imeishiwa mafuta. Picha ya mzee na mshumaa ina maana moja tu.

Herman akatuma. Grupu la ukoo, la kwaya, la wazazi, la wakulima wa vitunguu saumu. "Kwa masikitiko makubwa..." Akaongeza vikatuni vitatu vinavyolia.

Marieta, miaka saba, dawati la mbele, akanyoosha kidole. "Mwalimu, umempigia dada Eva?"

"Hii ni habari ya watu wazima. Kaa chini!"

Huku mtu akifa, jembe linalala. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi yake, mbegu ziko tayari kwenye ndoo, lakini saa moja haikupita ng'ombe wa plau wakafunguliwa kila shamba. Watu wakabeba kuni, maziwa na nyuso za huzuni. Shule ikafungwa. Bi Shamsia alipofika hakukuta hata mbuzi uwanjani. Akaelekezwa msibani na, kwa kuwa ni muungwana, akaenda. Alimkuta Herman amesimama juu ya kiti akisoma wasifu wa marehemu, sehemu kubwa ikimhusu Herman.

Saa nane basi la Haydom likasimama. Akashuka Mzee Gidamis na mkongojo wake, Eva nyuma na mfuko wa dawa. Mzee akatazama turubai uani kwake.

"Jamani, nani amekufa?"

Kwaya ikakata wimbo katikati.

"Shikamoo mzee," Herman akasema kwa sauti ya mbuzi mgonjwa.

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Ni... ni wewe, mzee."

Mzee akalitafakari hilo. "Na mmeacha kupanda? Na mvua hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Yaani mmenionaje? Mimi nina ujinga wa kufa wiki ya kupanda?"

Eva akavuka uwanja. "Aliyetuma ni nani? Mbona mimi sikupigiwa hata simu?"

Vichwa vyote, hata vya ng'ombe, vikamgeukia Herman. Akashuka kitini, akamsogelea Bi Shamsia. "Afisa, somo langu tunaweza kulifanya kesho..."

"La hasha, mwalimu. Nimeshaliona lote, na limeniingia. Kuanzia wiki ijayo utazunguka nami shule zote za wilaya."

Uso wa Herman ukachanua. "Kumbe nimepata ukufunzi!"

"Mkufunzi bado tunatafuta," akasema Bi Shamsia, akifunga daftari. "Wewe utakuja kama zana ya kufundishia."