Nta ya Mbula na Kwaya ya Akina Mama

Leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ni mdomo wangu mwenyewe. Naandika mapema kabla hamjaiona video.

Wengi mnanijua kwa kelele zangu humu. Mimi ndiye yule anayeuliza "ushahidi uko wapi?" hata kwenye tangazo la harusi. Juzijuzi niliandika maneno marefu kuhusu waganga wa Tabora, nikawaita wauza matumaini, nanyi mkanipigia makofi. Asanteni. Makofi hayo leo hayakunisaidia.

Kazi yangu ni hii. Kila jani lina ngozi nyembamba ya nta, ndiyo inayolizuia lisikauke kwa jua. Ukiipima maabara unakuta imeundwa kwa minyororo ya kaboni, mingine mifupi, mingine mirefu, na inaelekea mti wa kwenye joto haujitengenezei nta sawa na mti wa kwenye baridi ya mlimani. Jani likioza, nta inabaki kwenye tope la ziwa kwa maelfu ya miaka. Wataalamu wanaichimba na kusema: hapa zamani palikuwa na joto, pale palikuwa na mvua. Mimi, kwa kawaida yangu, nikauliza: mnajuaje kwamba hiyo ni hali ya hewa na si aina ya mti tu?

"Swali zuri," msimamizi wangu wa chuo akanijibu. "Nenda kalijibu."

(Tangu siku hiyo nimepunguza maswali mazuri.)

Kulijibu kunataka mti wa aina moja, huku chini na kule juu. Tukachagua mti wa mbula, kwa sababu unaota Tabora na unaota pia kwenye miteremko ya milima ya Mahale. Timu inapanda Mahale wiki ijayo. Sharti langu la kupanda nayo ni moja: majani ya Tabora yafike maabara Jumatatu, yakiwa safi. Nikishindwa, nafasi yangu anaichukua mwenzangu mmoja ambaye hajawahi kuuliza swali lolote maishani.

Na usafi wenyewe si wa kuosha. Mafuta ya ngozi, losheni, hata mfuko wa nailoni, vyote vinaacha mabaki yanayochanganyika na nta. Ukiligusa jani kwa kidole, utakachopima ni kidole.

Mbula mzuri kuliko yote uko uani kwa Mama Anastazia, Isevya, kando ya njia ambayo wanasema wapagazi wa misafara waliipita kwenda Ujiji na sasa wanaipita bodaboda. Mama Anastazia ni mjane, rafiki wa mama yangu, na anaimba kwaya. Jana nilimwomba ruhusa. Akasema, "Chuma tu, mwanangu. Majani ya mbula nani anayakula?"

Leo asubuhi nikafika. Sijapaka mafuta tangu jana, na kipupwe chetu mnakijua: nimepauka kama mtu aliyelala kwenye ghala la unga. Mikononi nina glavu za buluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu." Akanyoosha mkono.

Nikaficha yangu mgongoni. "Samahani, mama. Leo sitakiwi kumgusa mtu."

"Nani kakukataza?"

"Wakubwa wangu."

Akatikisa kichwa polepole. (Hapo ndipo palikuwa mahali pa kueleza. Sikueleza. Niliona sayansi ya asubuhi itamchosha.)

Akaniletea uji wa karanga. Nikakataa, maana ningelazimika kuvua glavu. Kukataa uji wa Mama Anastazia ni kosa linalojadiliwa mpaka Gongoni.

Nikaanza kazi. Nikauzunguka mti na futi ya fundi cherehani, nikilikumbatia shina ili nilipime. Nikausafisha mkasi kwa spiriti, nyingine ikadondokea mizizini. Nikachuma upande wa mawio, kisha upande wa machweo, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri hayalingani ukali. Kila nikichuma, nasogeza simu mdomoni na kujirekodi kwa sauti ya chini: "Mbula. Tawi la chini. Mawio. Jani zima, halina jeraha." Kisha nalifunga fungu kwenye foili, ile ya kufungia kuku, naliweka sandukuni.

Nilipogeuka, kwaya nzima ya akina mama ilikuwa imesimama uani. Kila Jumamosi wanafanyia mazoezi pale. Hakuna aliyekuwa anaimba.

Mbele alisimama Mama Shija, kiongozi wao, mwanamke ambaye akikohoa tu sauti ya pili inajipanga.

"Kijana, unachuma nini hapo?"

"Nta, mama."

"Nta iko kwenye mzinga."

"Hii ni nta ya jani."

Hawa ni watu wa Tabora. Nta wameikamua tangu utotoni. Mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na asali yake iko tawi gani?" Wakacheka sana, na mimi nikacheka kidogo ili nisionekane mgeni.

Nikajitahidi kueleza kwamba nta ya jani inatunza habari za joto na mvua.

"Kwa hiyo jani linakwambia mambo yaliyopita?" akauliza Mama Shija.

"Ndiyo, mama. Hata ya maelfu ya miaka."

"Na yajayo?"

"Hata hayo, kwa kiasi fulani."

(Nilimaanisha tabianchi. Naapa.)

Mama Shija akawageukia wenzake. "Huyu anapiga ramli."

Iliniuma. Mimi? Nikapanda juu ya mzizi, nikatoa hotuba. "Akina mama, msinifananishe na waganga. Mganga mtamjua kwa masharti yake. Atakwambia usimpe mtu mkono. Usipake mafuta. Usile cha mtu. Atachuma mawio, atachuma machweo, atanong'ona na mti, atamwaga kitu mizizini, kisha ataifunga dawa yake isiguswe na…"

Sentensi ilinirudia nikiwa bado naitamka. Glavu zangu za buluu zilikuwa zinaelea hewani.

"Endelea, mwanangu," akasema Mama Anastazia kwa upole. "Ulikuwa umefika kwenye kufunga."

Nikashuka kwenye mzizi.

Mama Shija akatoa hukumu. "Hayo majani hayatoki hapa bila maombi. Fungua sanduku, tuyawekee mikono."

Nikaitazama mikono yenyewe. Yote inang'aa losheni. Mama mmoja alikuwa ametoka kukaanga maandazi. Nikaiona Mahale inateleza na kuondoka. Niwaambie majani hayaguswi? Hilo ndilo shitaka lenyewe. Basi nikalisukuma sanduku nyuma yangu, nikapiga magoti.

"Mama, majani hayana kosa. Mwenye shida ni mimi. Niombeeni mimi."

"Amekiri," ikasema sauti.

Walinivamia, mmoja wao akirekodi kwa simu. Kichwa, mabega, masikio, hakuna mahali palipokosa kiganja. Mimi ninayedai ushahidi wa kila kitu nimepakwa mafuta mpaka kisogoni, huku sauti ya kwanza na ya pili zikinizunguka.

"Sema: naacha uganga."

"Lakini mama, sijawahi…"

"Sema."

"Naacha uganga."

"Na ramli."

"Na ramli."

"Na nta."

Hapo nikasita. "Nta naomba mniachie mpaka Jumatatu."

Wakaona pepo bado lipo. Wakaanza upya.

Waliponiachia nilikuwa nimelowa mafuta, lakini sanduku lilikuwa limefungwa vilevile. Msimamizi akapiga simu nikiwa bado magotini.

"Umepata majani?"

"Nimepata."

"Hayajaguswa?"

"Hayo hayajaguswa."

"Hongera. Jiandae kwa Mahale."

Nikalibeba sanduku, nikaaga. Mama Shija akanisindikiza mpaka barabarani. Tulipokuwa mbali na wenzake, akapunguza sauti.

"Mwanangu, nina goti linanisumbua. Nikatie vijani viwili tu, vya upande wa mawio."

"Mama, mimi si mganga."

"Najua. Wa kweli huwa hajitangazi."

"Haya majani hayatibu chochote."

"Ndiyo maana nimekuamini. Wale wengine wanasema yanatibu kila kitu."

Sasa chekeni, ruksa. Ila ile video msinitumie: mama yangu keshanitumia, na ameandika chini yake, "Bwana asifiwe, hatimaye."