Puli Yenye Ua la Geti

Chanzuru, Kilosa.
Jumanne, mchana.

Kwa Shemeji Lupakisyo,
Msemaji wa Mwisho wa Gari la Familia,
Duka la Magodoro, Mikumi.

Shemeji yangu mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA FUNDI NASSIR, ANAYETAKA KUTUBADILISHIA PULI YA KRENKI

Shikamoo. Marahaba yako nitaisikia moyoni tu, maana kwenye simu ukisikia neno puli unasema mtandao mbaya, unakata.

Sasa hivi tu Goodhope ametaka kuniua kwa mshtuko. Nilikuwa nachambua mchicha, nikageuka nikamkuta amekaa chini, ameshika mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili, macho yamemtoka, mashavu yanacheza, mate yanamwagika, mwili mzima unatetemeka. Nikapiga kelele, "Degedege! Jamani mwanangu!" Nikamnyakua, nikakimbia naye mpaka mlangoni. Hapo akanisukuma kifuani kwa hasira na kusema, "Pi-piii!" Kumbe mwanao anaendesha gari la baba yake. Hana homa, hana lolote, anaiga anachokiona. Nimemrudisha chini na mfuniko wake, nami nimechukua kalamu kabla moyo haujatulia.

Niliishia darasa la saba pale Munisagara, lakini mwalimu wetu alitufundisha kwamba malalamiko ya kiofisi huwekwa namba ili mkubwa asichoke. Kwa hiyo nakuwekea namba. Ila kwanza nikukumbushe, ingawa najua mtu hasahau ushindi wake.

Wakati wa Pasaka ile puli ya chini ya injini, gurudumu la mkanda linalozungushwa na krenki, ilikuwa imechoka. Puli yenyewe ina chuma cha ndani na chuma cha nje, katikati kuna mpira. Nassir akasema mpira umeachia, itafutwe nyingine. Wewe ukaubonyeza ule mpira kwa kidole gumba, ukatangaza mbele ya watu, "Mpira ni wa ndala. Injini ni chuma, ipeni chuma!" Ukaondoka nayo hadi Mikumi kwa Innocent anayetengeneza mageti, akachomelea chuma kwa chuma mzunguko mzima. Na kwa kuwa Innocent ni msanii, akaongezea ua dogo, lile analoweka kwenye mageti ya watu wenye uwezo, akapaka na rangi ya fedha. Nassir alipoletewa aifunge alikaa kwanza juu ya tairi, akauliza, "Bosi, hii inazungushwa au inabishwa hodi?" Hiyo ndiyo dharau ya mafundi wa siku hizi.

Tangu hapo gari linatikisika na kukata mikanda, na Nassir hanyamazi. Kina mama wanaopakia maziwa kwenye gari letu wamechanga wenyewe, yeye akaenda Morogoro akarudi na puli mpya yenye mpira wake, iko nyuma ya mlango wangu ndani ya kiroba. Lakini baba mkwe alipofariki, wazee walisema pale matangani kuwa gari ni la wanawe wote wawili, ila mkubwa ndiye msemaji, na injini haiguswi bila neno lake. Mume wangu Lusekelo ameshika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Alhamisi ana safari ya kuja huko na mahindi. Kwa hiyo, Shemeji, nakuomba upesi, kabla ya Alhamisi, utoe neno la KUKATAA puli mpya. Sababu zangu ni hizi:

1. Itatuulia kiwanda. Mama Seleina, mke wa mzee Lekishon wa kule kwenye mifugo, anapakia maziwa asubuhi yakiwa maziwa. Kabla ya kufika Zombo yameshakuwa siagi. Juzi alinishika mkono akaniambia, "Mke wa dereva, mama yangu alikuwa anatikisa kibuyu mpaka jua linapanda. Nyie mnamaliza njiani bila hata kuimba." Nikamwambia ashukuru. Akasema wateja wake wa Mikumi wanataka chai ya maziwa, hawataki chai ya kupaka kwenye mkate. Watu hawana shukrani. Umetufungulia kiwanda, Nassir anataka kukifunga.

2. Gari litarudia uzito wake. Kwa sasa linapungua vizuri sana. Kioo cha pembeni kilibaki Zombo, kibao cha namba alikiokota mchunga mbuzi akakifanya mlango wa banda, na bolti ndogo ndogo ndiyo usiseme. Tukiendelea hivi, mwakani litakuwa usukani na Lusekelo, na mafuta litakunywa kama kiberiti cha gesi.

3. Kazi ya Bwana itarudi nyuma. Mwinjilisti Timotheo alipata lifti siti ya mbele kwenda kwenye mkutano wa injili Mikumi. Aliposhuka na kushika kipaza sauti, sauti ilikuwa bado inatetemeka, magoti yanagongana, akasema "Ndu-ndu-ndugu zangu," watu wakaanza kulia na kuanguka wenyewe. Hajawahi kuvuna roho nyingi namna ile. Sasa anaomba awe anapanda gari letu kabla ya kila ibada. Nassir anataka kupambana na hilo pia, na wewe ni mzee wa kanisa.

4. Hii ya nne nimeifuta mara mbili, Shemeji, naiandika tena.

Lusekelo akirudi, gari linazimika lakini mikono yake haizimiki. Jana alitaka kumlisha mtoto uji, kijiko kikafika sikioni. Goodhope akacheka, akadhani ni mchezo. Lusekelo naye akacheka. Halafu akaweka bakuli chini, akaikalia mikono yake, akaniambia, "Mlishe wewe, mimi nimeshiba," kana kwamba uji ulikuwa wake.

Alhamisi iliyopita mkanda ulikatika tena, maana ile puli haikai sawa, inayumba na ua lake. Ilikuwa ile sehemu ya pori kabla ya kufika kwako. Tembo walikuwa wanavuka, wamesimama barabarani, wanakula majani kwa raha zao. Lusekelo amekaa ndani vioo vimepandishwa, jua linachoma, hawezi kushuka, hawezi kupiga honi. Alipofika nyumbani nikamuuliza ulikuwa unafanya nini muda wote huo. Akasema, "Nilikuwa namuwaza huyu," akimwonyesha mtoto kwa kidevu. Nikasema basi puli ibadilishwe. Akasema, "Kaka ameshasema." Nikamuuliza, na wewe umesema nini? Akaenda kuoga.

Nassir anasema safari hii hautakatika mkanda, itakatika krenki yenyewe, na krenki ndiyo uti wa mgongo wa injini. Sikatai. Nakuletea tu kama ushahidi wa maneno makali ya huyo fundi. Anasema mpira ule haukuwekwa kwa urembo. Kila injini ikipiga, krenki inajinyonga kidogo na kujirudi, na mpira ndio unaomeza ile mishtuko. Eti nikamwelewa! Nikamwambia, "Kumbe ni mbeleko." Maana nikimbeba Goodhope mgongoni nikakanyaga shimo, kitambaa kinameza, mtoto anaendelea kulala. Nassir akapiga makofi, akasema, "Mama Goodhope, wewe ndiyo ungekuwa msemaji wa gari." Nikamkemea palepale. Msemaji yupo, yuko Mikumi, amekaa.

5. Tukishakubali kwamba mpira ni wa ndala na chuma kipewe chuma, Shemeji, tusiishie njiani. Napendekeza yafuatayo. Tairi zote nne zitolewe, Innocent atuchomelee duara za chuma, na kila moja apewe ua lake. Mbeleko nimeanza kuulizia ya bati, geji nyembamba, maana mtoto bado mdogo. Na wewe mwenyewe, kama kiongozi, uonyeshe mfano. Hayo magodoro unayouza ni ya nini? Sponji tupu, vitu laini laini vya kumeza mishtuko. Mtu ni mifupa, apewe mfupa. Toa magodoro yote nje, jaza duka nondo, uwaambie wateja walale. Dada Tumwagile, mkeo, amenidokeza kuwa hata hicho kiti chako cha dukani hukikalii bila sponji mbili. Nimemwambia huo ni uzushi, shemeji yangu hawezi kujidekeza hivyo wakati ndugu yake anakaa juu ya injini yenye geti.

6. Mwisho, kama utaona haya yote hayatoshi kumkataza Nassir, basi naomba Alhamisi hiyo uje uendeshe wewe. Mahindi yatakuwa yamepakiwa, nitakufungia na mihogo ya kuchemsha. Lusekelo atakaa dukani kwako kwenye sponji zako mbili, mikono ipumzike. Ukifika pale penye tembo ukakwama, pandisha vioo, uwaze unachotaka kuwaza. Sisi huku tutakuombea.

Najua unacheka, na ndiyo maana naandika. Wewe ni mtani wangu, mke wa mdogo wako ana ruhusa ya kukuchokoza, yeye mdogo wako hana. Na sikuogopi, kwa sababu mimi sijasahau nani alisimama kwenye mlango wa hospitali siku ile, akaambiwa mtoto amelia, akasema, "Aitwe Goodhope, maana nilishakata tamaa." Mtu aliyetoa jina hilo hawezi kuwa na moyo wa chuma mpaka ndani. Mahali fulani katikati kuna mpira, naamini, haujaachia wote.

Nashukuru kwa kuvumilia mwandiko wangu, na kwa uamuzi wako mgumu ninaousubiri nikiwa nimepiga magoti, upande mmoja kwa heshima, upande mwingine kwa sababu meza ni fupi.

Ni mimi shemeji yako,
Gaudiosa, Mama Goodhope.

Msalimie Dada Tumwagile na wanangu wote wa hapo. Innocent naye msalimie, mwambie ua lake halijanyauka. Mama Seleina anakusalimu kwa siagi. Mwinjilisti anakusalimu kwa kutetemeka. Barua anakuletea Ashrafu, kondakta wa basi la jioni, mpe maji anywe.

Nyongeza: Shemeji, futa malalamiko yote dhidi ya Nassir. Tangu namba ya tano nilikuwa nasikia spana nje, nikamaliza kwanza kuandika. Nikadhani ndiye yeye, nikatoka na mwiko nimkamate. Nassir alikuwa amekaa pembeni anakunywa chai, anasema, "Mama Goodhope, mimi bila neno la mwenye gari sigusi, sitaki ugomvi na watu wa magodoro." Aliyelala chini ya gari ni Lusekelo. Kiroba hakipo nyuma ya mlango wangu, alikichukua nikiandika na sikumwona. Akanyoosha mkono kutoka kule chini akasema, "Lete puli. Mimi ndiye ninayeliendesha. Kaka nitaongea naye mimi." Tangu anipose sijawahi kumsikia akitamka mimi mara mbili kwa mpigo. Nassir aliweka kikombe chini, akaenda kulala naye chini ya gari.

Ile ya Innocent imetoka kwa shida, wameivuta mpaka wakatukanana. Wamemulika krenki kwa tochi ya simu, wameipapasa yote, haina ufa. Mpya imeingia, bolti kubwa imekazwa. Mshtakiwa kwa hiyo ni mdogo wako, na ruhusa niliyokuomba uikatae hakuna anayeingoja tena. Akikupigia usikate simu. Msikilize mpaka mwisho, hata akigugumia, ni mara yake ya kwanza.

Sasa wananiita nikawashe, eti wao wote wawili wanataka kuwa mbele ya injini wasikilize. Nilijifanya sisikii ili nimalize. Sasa ananiita Lusekelo mwenyewe, na hajasema Mama Goodhope, amesema Gaudiosa, njoo uwashe, na mimi Shemeji tangu niolewe sijawahi kushika ufunguo wa...