Karoti Ndani ya Pakiti ya Krispi

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata! Dada kasema nikimwachisha binti yake krispi kufikia Ijumaa, ataniombea kazi ya upishi pale chekechea anakofundisha. Mimi, mpishi! Nimelala chali sakafuni, naangalia dari, naona kofia nyeupe, masufuria, watoto mia wamenyoosha sahani. Mpwa wangu ana miaka mitano, anaishi kwa krispi za viazi. Hata ndizi anaikagua kama polisi. Nimemwambia dada hiyo kazi ndogo. Kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumanne, 5 Machi
Akili hizi! Nimekata karoti nyembamba kama karatasi. Nikafungua pakiti za krispi kwa chini, taratibu, nikamwaga, nikajaza karoti, nikaziba kwa pasi. Ya kwanza imegandia kwenye pasi. Nyumba nzima inanuka plastiki. Ya pili na ya tatu, safi! Krispi zilizomwagwa nimezila mimi. Ningefanyaje? Chakula hakitupwi. Natafuna huku naona mashamba ya karoti yasiyo na mwisho, jua limetulia juu yake, mimi natembea katikati bila viatu.

Jumatano, 6 Machi
Mpwa kaenda chekechea na pakiti mbili, karudi mikono mitupu! Kasema tamu sana mjomba, kesho niongeze. Nimeruka! Dada hakuruka. Blauzi yake ya kazini imepigwa pasi yenye plastiki, sasa ina nusu ya jogoo wa kwenye pakiti. Kaniuliza akili ni zangu au nimeazima. Nikamwambia binti yake anakula karoti. Kanitazama kama mtu mzima. Mara ya kwanza tangu nihamie kwake.

Alhamisi, 7 Machi
Leo mpwa kataka nane! Nimekata karoti mpaka vidole vimegeuka rangi. Nikakaa dirishani kupumzika. Mawingu yote yana umbo la kabichi, yanapita polepole, kama yananisalimia. Krispi za pakiti nane nimezimaliza. Tumbo linaunguruma kama lori mlimani. Suruali imegoma kufunga.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeitwa chekechea. Nikavaa shati jeupe, najua naenda kukabidhiwa jikoni. Mwalimu mkuu kafungua mkoba wa mpwa: krispi tupu! Kumbe mpwa kawaambia wenzake kuwa pakiti zake ni za siri, za mjomba, dukani hazipo. Pakiti moja ya karoti, wanampa mbili za krispi. Darasa zima linakula karoti! Mwalimu mkuu kasema hajawahi kuona. Mtoto mmoja tu hajagusa hata kipande. Dada kasema darasa zima hakuniomba, aliniomba huyo mmoja. Kazi imeota mbawa.

Nimepewa mfuko wa krispi hizo nikazitupe. Tumerudi kwa miguu, mimi na mpwa, jua laini, upepo mzuri. Nawaza maharage. Yatakaa vizuri kwenye boksi la biskuti, Jumatatu naanza! Nimefungua pakiti ya tatu. Mpwa kaomba moja tu, mjomba. Nimemkatalia. Nimemwambia vitu hivi vinaharibu watu.