Marehemu Baba Mdogo na Saa Tano Usiku

Jumatatu, 10 Juni

Halmashauri imekata shauri. Baa yangu, Msafara, mwisho saa tano usiku. Godeliva wa ng'ambo ya barabara kapewa hadi saa nane! Eti yeye ana uzio na choo cha maana. Nikasimama kikaoni nikauliza, wapagazi walipita Tabora hii na pembe zao mabegani, kuna aliyewadai choo? Bi Shamila, mtendaji wetu wa kata, akajibu kwamba wapagazi hawakuomba leseni. Watu wakacheka. Godeliva alicheka kuliko wote. Mama yule ana meno mengi mno.

Jumanne, 11 Juni

Saa tano nimefunga. Wateja wamevuka barabara na bilauri zangu mkononi. Bilauri zangu! Mke wangu Gaudensia anasema kwa mwendo huu mwezi ujao tutakula michembe, viazi vikavu vile, bila hata karanga. Anasema dawa ni kuchimba choo. Mtu mwenye akili kama yangu nichimbe shimo?

Nimejigeuza kitandani nikiwaza. Ni shughuli gani haina saa ya kufunga? Nimepata. Msiba! Hakuna mtendaji anayethubutu kufukuza watu matangani.

Jumatano, 12 Juni

Nani afe? Ndugu zangu wote wazima, tena wanakula vizuri. Nimemchagua baba mdogo Alois wa Lusu. Yuko mbali, hana simu, na aliwahi kuniita bwege mbele ya wakwe. Picha yake ya ujana nimeitundika juu ya friji. Turubai tayari. Muziki nimezima.

Bia siuzi, hasha! Mfariji anatoa rambirambi, mfiwa anampoza machungu kwa chupa baridi. Gaudensia kasema kwenye uchuro huu yeye hatii mguu. Kaenda kwa Godeliva kuazima sufuria. Hajarudi.

Ijumaa, 14 Juni

Jana tulikesha hadi jogoo! Godeliva alibaki na mteja mmoja, naye amelala. Nililia machozi ya kweli, ya furaha. Watu wakasema nilimpenda sana marehemu.

Leo mambo yameharibika. Nilisahau watani! Sisi Wanyamwezi tukifiwa, watani wetu Wazaramo wana ruhusa ya kufanya watakalo, na mfiwa akinuna ni aibu yake. Na Bi Shamila ni Mzaramo! Kaja na wenzake, kanga kiunoni. Wamekunywa bila rambirambi. Wameng'oa leseni yangu ukutani, eti marehemu azikwe nayo. Mimi natabasamu tu, roho inaungua. Kisha wakaanza kumwiga marehemu, kama desturi ilivyo. Mmoja anachechemea, mwingine anakoroma.

Mara baba mdogo akaingia. Mwenyewe! Habari za kifo chake zilimfikia Lusu, akapanda basi. Nikamwamkia shikamoo kwa kunong'ona. Akauliza kwa ukali ni mjinga gani aliyemuua.

Watu wakapiga makofi! Wakasema mtani huyu kiboko. Akaapa kwa mama yake kwamba yeye ndiye Alois. Wakaanguka kwa kicheko. Bi Shamila kampa nafasi ya pili. Kasema anaiga vizuri, ila marehemu wa pichani kamzidi urefu.

Jumatatu, 17 Juni

Kikao cha kata. Godeliva kasimama, leso machoni. Kasema inamuuma kuona jirani akihangaika na kazi wakati msiba bado mbichi. Anaomba mfiwa apumzishwe. Wote wakaunga mkono. Msafara ifungwe hadi arobaini!

Nikaruka. Nikasema jamani, hakuna msiba, marehemu ni huyu hapa! Nikamvuta baba mdogo mbele. Bi Shamila akanishika bega kwa upole, akasema utani nao una mwisho. Nikamsihi baba mdogo aseme ukweli. Akanitazama. Akamtazama Godeliva, ambaye alikuwa amemnunulia supu asubuhi. Akasema yeye ni mtani tu, na kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, aliponzwa na mtoto wa kaka yake.

Ndugu wa damu huyo!

Alhamisi, 20 Juni

Kufuli la kata linaning'inia mlangoni kwangu. Baba mdogo anakunywa bure kwa Godeliva kila jioni, kazi yake kumwiga marehemu. Watu wanajaa hadi barabarani. Gaudensia anauza mishikaki pale pale. Leo kaniletea jembe, kaliegemeza ukutani, kasema nikianza sasa, arobaini itafika choo kimekwisha.

Jembe nimelisukuma mvunguni. Wanawake hawaoni mbali. Mimi nimeshagundua kwamba harusi nayo haina saa ya kufunga! Bibi harusi nitamtafuta kesho. Bwana harusi ninaye, ni baba mdogo Alois. Yuko hai kabisa, nani atabisha?