Ombi la Kuandikishwa Kwenye Genge la Nyuma ya Gereji

Jumanne, tarehe 9 Juni

Kwa Bwana Afisa Ustawi wa Jamii,

Pokea salamu zangu. Mimi ni fundi cherehani, umri miaka sitini na minane, nimefiwa na mke. Nilihudhuria somo lako la kwa nini watu hujiunga na magenge ya mtaani. Nilikaa mstari wa mbele na kuandika yote. Nalalamika kwamba huku kwetu utafiti wako haufuatwi.

Kwanza. Ulisema mtu hujiunga akikosa watu nyumbani. Mke wangu alifariki mwezi wa pili. Nina viti viwili. Asubuhi nakalia changu, jioni nakalia chake, kisijione kimetupwa.

Pili. Ulisema ni kukosa kazi. Siku hizi watu wanavaa nguo za dukani. Wiki iliyopita nilibadilisha zipu moja tu, nayo ilikuwa ya suruali yangu.

Tatu. Ulisema genge humpa mtu jina. Marehemu aliniita Pindo, maana nilikuwa nikisahau uzi mdomoni hata kwenye harusi za watu. Sasa kila mtu ananiita mzee, utadhani mzee ni mimi tu mtaani.

Basi sifa zote ninazo. Nikapeleka barua ya maombi na picha mbili kwa genge la nyuma ya gereji. Kiongozi wao, Simenti, alicheka mpaka akakaa chini. "Babu, kazi yetu ni kukimbia. Wewe utakimbia na nini?" Nikamwambia watangulie tu, nitafika. Mwenzake, Wembe, akasema, "Mchukueni bwana, polisi wakitufukuza watamkamata yeye kwanza." Nilimshukuru kwa kuniunga mkono. Hata hivyo nilikataliwa.

Nne, na hili ndilo linaloniuma. Ulisema mgeni huonyesha uaminifu kwa vitendo. Niliwashonea jaketi saba. Mgongoni nikadarizi jina la kila mmoja kwa herufi kubwa na, jaketi isije ikapotea, namba ya nyumba yake. Walizivaa kwa maringo siku nzima. Kesho yake polisi waligonga milango saba bila kuuliza njia. Sasa naitwa msaliti, na mimi nilitumia uzi usiochuja.

Naomba uwaandikie waniandikishe, au urekebishe somo lako liseme wazi kwamba upweke wa wazee hauhesabiwi.

Nisalimie wote ofisini, na yule dada aliyenishikia kofia.

Wako mtiifu,
Fundi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, wakaingia wote saba, polisi wamewaachia, wamefura, wanataka majina yafumuliwe. Nilidarizi kwa mkono, hayafumuki upesi. Leo ni siku ya nne tunafumua pamoja. Wembe haoni uzi, nimemwazima miwani. Simenti amenigombeza kwa kunywa chai bila kula kitu. Jana mama zao walikuja kuwatafuta, nao wakakaa. Nyuma ya gereji hakuna mtu. Kwa hiyo ombi langu nalifuta: genge la kujiunga nalo halipo, na mimi sina nafasi ya kutoka. Ila ukiandaa somo jingine, tafadhali unikumbuke.