Makaburi Chini ya Mapangaboi

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu sasa hivi kakitumbukiza kiatu changu kwenye ndoo ya maji, anakiambia kiogelee. Kimekataa. Nami nakihitaji alfajiri, maana nimepata kazi! Mimi na wifi, dada wa mume wangu, tunapita chini ya mitambo ya upepo kuokota ndege na popo waliogongwa na mapanga yake. Mtafiti anawahesabu. Mtambo unaoua sana utazimwa saa ambazo makundi ya ndege yanapita. Kulia kwa kilima ni kwangu, kushoto kwa wifi. Jumamosi Mtafiti atachagua mmoja wetu abaki kazini moja kwa moja. Nikiwa mimi, tutahamia chumba chenye dirisha. Mwanangu ataangalia mawingu akiwa kitandani.

Tatizo wifi. Ana macho ya mwewe. Nimewaza, nimepata. Mjumbe hauawi, sawa, lakini nani kampandisha cheo mleta misiba? Upande wangu hatakufa mtu.

Jumanne, 4 Machi
Mbayuwayu kwenye nyasi, karibu na jiwe. Kapoa. Mguuni uzi mwekundu. Huyu alikuwa na mtu wake. Mwanangu, niliyekuja naye, kamwambia amka, hakuamka. Tukamzika na ua la njano kifuani.

Kisha nikajilaza chali kidogo. Mapanga yanazunguka taratibu, kama pangaboi la mbinguni. Nikaliona dirisha letu, tena lina pazia, na pazia linapumua. Nilipozinduka jua limeshapanda.

Mtafiti kauliza nimeona nini. Nikasema hakuna, hata sisimizi wote wazima. Hata pale kwenye jiwe? Hata pale. Akaniangalia, akaandika. Wifi kaleta watatu, anatembea kama bibi harusi.

Alhamisi, 6 Machi
Popo wawili, nao wana uzi mwekundu. Ndugu wa yule, bila shaka. Nimewalaza pamoja naye. Mwanangu anawapungia mkono kila tukipita.

Mtafiti kasema ikiendelea hivi, mitambo ya kulia haitahitaji kuzimwa hata mbayuwayu wakipita kwa maelfu. Nikainamisha kichwa kwa haya, kama nimesifiwa mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Wale wa uzi mwekundu kawaweka Mtafiti mwenyewe! Walishakufa zamani. Anawaficha kwenye nyasi apime macho yetu, ajue tunaokota wangapi na tunapitwa na wangapi. Wifi kaokota wote wa kwake. Mimi hata mmoja.

Mtafiti kasema kwa upole, dada, huenda unahitaji miwani. Nikisema niliwaona, mimi mwongo. Nikinyamaza, mimi kipofu. Nikachagua upofu. Jioni nikaazima miwani ya mama mkwe. Kauliza ya nini. Nikasema ya kazi. Kasema yeye mwenyewe akiivaa haoni.

Jumamosi, 8 Machi
Mpango mpya ulikuwa mzuri. Nikawafukua wote watatu, nikawapeleka nimevaa miwani, nikijikwaa kila hatua. Nikamwambia Mtafiti, kumbe ni macho tu, leo nawaona wote. Akamshika mbayuwayu, akapangusa udongo, akaliona ua. Akauliza tangu lini ndege wanaanguka kutoka angani wakiwa wameshazikwa. Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Mwanangu akaanza kulia, anataka warudishwe kulala. Hapo nikasema yote. Mtafiti akavua kofia. Kasema hesabu zangu zote anazifuta, na mbayuwayu wakipita, mitambo ya kulia nayo itazimwa. Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimewaza maelfu, na maua ya njano hayatoshi.

Kazi kapewa wifi. Yeye akasema anataka msaidizi, na hamtaki mwingine ila mimi, kwa sharti moja: nisizike mtu. Usiku nimeliona tena dirisha. Dogo zaidi, lakini liko.

Jumapili, 9 Machi
Nimetulia, nimetafakari. Kosa langu ni moja: nilileta wachache. Mtafiti anapenda kuletewa. Na kuku mzee wa mama mkwe hajaamka leo, maskini, kajifia mwenyewe bandani. Nikimfunga uzi mwekundu mguuni, nikamlaza vizuri kwenye nyasi kesho alfajiri, kisha nikamwokota mbele ya watu, nani atasema sina macho? Mwanangu keshamtafutia ua, nimemwambia la huyu tutaliweka baada ya kazi. Uzi ninao, wa wifi, nilioutoa kwenye kikapu chake cha kushonea. Kilichobaki ni kumpunguza manyoya kidogo ili aonekane kama ndege wa kawaida wa

Wifi ananiita, anauliza nani kachukua uzi wake mwe